Nani ana ruhusa ya kukusinzisha kwenye kiti cha daktari wa meno?

Na Mwandishi Wetu

JINO halichagui siku. Linaweza kuanza kuuma usiku wa kuamkia soko, wakati mzigo umeshafungwa na lori linasubiri kuondoka alfajiri. Mwenye jino hana muda wa kurudi nyumbani kutafuta hospitali anayoijua. Anaulizia palepale mpakani, anaonyeshwa chumba nyuma ya stendi chenye picha ya meno meupe mlangoni, na humo anaambiwa: "Usiogope, utasinzia kidogo tu, ukiamka limeshatoka."

Kwa mtu ambaye hajalala siku mbili, hayo ni maneno ya faraja. Lakini ndani yake mna maswali mawili ambayo wagonjwa wengi hawaulizi. La kwanza, huyo anayesema utasinzia, nani alimpa ruhusa ya kukusinzisha? La pili, ukishasinzia, ni nani atakayeangalia kama bado unapumua wakati yeye ameinamia jino lako?

Maswali hayo si ya kuwachokoza waganga. Ndiyo yaliyozifanya nchi tajiri zibadili sheria zake katika miaka ya karibuni, baada ya watu waliokuwa na afya njema, wengi wao watoto, kuingia kwa daktari wa meno kwa miguu yao na kutolewa wakiwa maiti.

Kwa wasomaji wanaovuka kila wiki pale Rusumo, Kobero, Mutukula au Gatuna, na kwa waliorejea nyumbani baada ya miaka mingi ya ukimbizini, jambo hili lina uzito wa pekee. Mtu anayeishi kati ya nchi mbili hutibiwa chini ya sheria mbili, na mara nyingi haijui hata moja.

Ganzi ni kitu kimoja, usingizi ni kingine

Kwanza tuelewane juu ya maneno, kwa sababu mitaani kila sindano ya meno huitwa "sindano ya usingizi", na kosa huanzia hapo.

Sindano ya ganzi huchomwa kwenye ufizi au karibu na mshipa wa fahamu wa taya. Dawa inayotumika zaidi ni lignokeni, mara nyingi ikiwa imechanganywa na adrenalini kidogo ili isisambae haraka mwilini. Mdomo unakufa ganzi, lakini mgonjwa yuko macho, anasikia, anajibu na anapumua mwenyewe. Kwa meno mengi yanayong'olewa, ganzi peke yake inatosha.

Hata hivyo, ganzi nayo ina kipimo chake. Kichupa kimoja cha dawa hiyo cha mililita 1.8, chenye nguvu ya asilimia 2, kina miligramu 36. Kiwango cha juu kinachofundishwa kwa lignokeni isiyo na adrenalini ni miligramu 4.4 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kwa mtoto wa kilo 15, hiyo ni miligramu 66, yaani hata vichupa viwili havifiki. Mtu anayemchoma mtoto bila kumpima kwenye mizani anabahatisha.

Ikizidi, dawa hiyo huingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo na moyo. Mgonjwa husikia masikio yakivuma, ulimi unakuwa mzito, viungo vinaanza kurukaruka, kisha degedege. Mwisho wake unaweza kuwa moyo kusimama.

Kuna jambo jingine ambalo wagonjwa wengi hawalijui. Jino lililotunga usaha hutia tindikali katika nyama iliyolizunguka, na ganzi haishiki vizuri mahali penye tindikali. Mganga aliyesoma anajua kuchoma mbali na jipu, au kutibu uvimbe kwanza na kusubiri. Asiyesoma huongeza kichupa cha pili, cha tatu na cha nne. Akiona mgonjwa bado analia, anaongeza diazepamu au dawa nyingine ya kulaza.

Hapo ndipo kazi inapovuka mpaka kutoka kwenye ganzi na kuingia kwenye usingizi.

Ngazi zinazoteleza

Wataalamu huugawa usingizi wa dawa katika ngazi nne. Ya kwanza ni kutulizwa tu: hofu inapungua, lakini mtu yuko macho. Ya pili ni kusinzia kwa wastani: macho yanafumba, ila ukimwita au kumgusa anaitika. Ya tatu ni usingizi mzito: mgonjwa haamki mpaka aumizwe, na pumzi yake inaweza kukwama. Ya nne ni nusukaputi kamili, ambapo hata akikatwa hasikii, na mara nyingi lazima asaidiwe kupumua.

Ngazi hizo zinateleza. Dawa ileile, kwa kiwango kilekile, itamwacha mmoja akisinzia kwenye ngazi ya pili na kumtupa mwingine hadi ya nne. Umri, uzito, ugonjwa wa mafua, pombe aliyokunywa jana na dawa nyingine alizomeza vyote huchangia, na hakuna anayeweza kusema kwa hakika mgonjwa fulani ataishia wapi.

Kwa sababu hiyo, kanuni inayokubalika na wataalamu wa usingizi duniani ni moja: anayekusudia kumfikisha mgonjwa kwenye ngazi fulani lazima awe na uwezo wa kumwokoa akiteleza na kuzama ngazi inayofuata. Anayetoa dawa ya kusinzisha kidogo lazima ajue kufungua njia ya hewa, kusukuma pumzi kwa mfuko na barakoa, na kuitumia dawa ya kuzimua kama ipo. Dawa ya midazolamu, kwa mfano, ina kizimuo chake kiitwacho flumazenili. Ketamini haina.

Kwa nini kinywa ni mahali pa hatari

Msomaji anaweza kujiuliza: kwa nini kelele zote hizi ziwe juu ya meno, wakati watu hupewa usingizi kila siku kwa upasuaji mkubwa zaidi?

Jibu ni kwamba daktari wa meno anafanya kazi katika njia ileile ambayo mgonjwa anaitumia kupumua. Kinywani mna maji, damu, pamba na vipande vya jino. Mtu aliye macho huvitema au kukohoa. Aliyesinzia sana hana nguvu hiyo. Ulimi wake hulegea na kurudi nyuma, na tone la damu likigusa koo linaweza kulifanya lijifunge kwa mkazo.

Kwa mtoto hatari ni kubwa zaidi. Njia yake ya hewa ni nyembamba, mafindofindo yake ni makubwa kulingana na koo, na mwili wake hutumia oksijeni kwa kasi kuliko wa mtu mzima. Kuanzia pumzi kukatika hadi ubongo kuanza kuharibika ni suala la dakika chache tu.

Sasa fikiria kwamba anayetakiwa kuona dalili hizo ndiye huyohuyo aliyeshika koleo, ameinama, taa inammulika na jino limekatika mzizi. Macho yake yako kwenye jino. Kifua cha mgonjwa hakioni.

Usingizi wenyewe ulizaliwa kwa madaktari wa meno

Ni haki kusema kwamba dunia isingekuwa na usingizi wa upasuaji mapema hivyo kama si madaktari wa meno. Desemba 1844, huko Hartford nchini Marekani, daktari wa meno Horace Wells alihudhuria maonyesho ya naitrasi oksaidi, ile inayoitwa gesi ya kucheka. Aliona mtu akijiumiza mguu bila kusikia maumivu. Siku iliyofuata Wells mwenyewe aliivuta gesi hiyo akang'olewa jino.

Miaka miwili baadaye, tarehe 16 Oktoba 1846, daktari mwingine wa meno, William Morton, alimlaza mgonjwa kwa etha katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, na daktari mpasuaji akatoa uvimbe shingoni bila mgonjwa kupiga kelele. Habari hiyo ilizunguka dunia.

Kutokana na historia hiyo, madaktari wa meno wa Ulaya na Marekani walishika haki ya kuwalaza wagonjwa wao kwa zaidi ya miaka 100. Kulikuwa na desturi ya mtu mmoja kufanya yote: analaza, anang'oa, anaamsha. Ilikuwa haraka na nafuu, na kwa wagonjwa wengi ilimalizika salama. Tatizo lilikuwa kwa wale wachache ambao haikumalizika salama, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa pili wa kugundua mapema.

Uingereza yafunga mlango

Uingereza ndiyo nchi iliyochukua hatua kali zaidi. Mwaka 1990 kamati iliyoongozwa na Profesa David Poswillo ilitoa ripoti iliyosema kwamba nusukaputi kwa ajili ya meno iepukwe kila inapowezekana, na inapotolewa iwe kwa kiwango kilekile cha usalama kinachotakiwa hospitalini.

Ushauri huo haukutosha. Vifo viliendelea, vikiwemo vya watoto waliokwenda kung'olewa meno tu. Novemba 1998 baraza linalosimamia madaktari wa meno nchini humo lilibana kanuni: nusukaputi itolewe tu na daktari aliyebobea katika usingizi, au anayefanya kazi chini ya usimamizi wa mtaalamu huyo.

Julai 2000 serikali ilitoa ripoti nyingine na kuamua kufunga mlango kabisa. Kuanzia mwishoni mwa Desemba 2001, nusukaputi kwa ajili ya meno haikuruhusiwa tena katika kliniki za kawaida za meno. Ilibaki hospitalini, penye vifaa na wataalamu wa kumhudumia mgonjwa mahututi.

Waingereza hawakukataza kila kitu. Daktari wa meno aliyepata mafunzo ya ziada anaruhusiwa kumsinzisha mgonjwa, ila kwa sharti kwamba mgonjwa abaki akiitika anaposemeshwa, na awepo mtu wa pili aliyefunzwa kumwangalia. Mgonjwa akiacha kuitika, hiyo inahesabiwa kuwa ni nusukaputi na sheria yake ni nyingine.

Marekani: kibali kwa kila ngazi

Marekani ilikwenda njia tofauti. Huko kila jimbo lina bodi yake ya meno, na shahada peke yake haimruhusu daktari kusinzisha wagonjwa. Lazima aombe kibali maalumu kulingana na ngazi ya usingizi anayotaka kutoa.

Jimbo la California ni mfano mzuri. Mwaka 2015 mtoto wa kiume wa miaka 6 alifariki baada ya kupewa usingizi katika kliniki ya meno. Familia yake haikunyamaza. Mwaka 2016 jimbo hilo lilipitisha sheria iliyobeba jina la mtoto huyo, iliyotaka wazazi waelezwe kwa maandishi tofauti iliyopo kati ya njia mbalimbali za kumlaza mtoto, pamoja na takwimu za madhara kukusanywa vizuri zaidi.

Mwaka 2018 ikafuata sheria nyingine, iliyoanza kutumika Januari 2022, ikapanga upya vibali na kuongeza masharti kwa watoto walio chini ya miaka 7. Kwa watoto hao, daktari anayetoa usingizi mzito na kung'oa meno yeye mwenyewe lazima awe na wasaidizi waliofunzwa kuokoa maisha ya watoto, mmoja wao akiwa hana kazi nyingine isipokuwa kumwangalia mgonjwa.

Mwaka 2019 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani pamoja na kile cha madaktari wa meno ya watoto walitoa mwongozo wa pamoja uliokwenda mbali zaidi: mtoto akipewa usingizi mzito kwenye kliniki ya meno, atakayetoa usingizi awe mtaalamu anayejitegemea, asiwe yule anayeng'oa jino.

Ukiziweka sheria za nchi hizo mbili pamoja, utaona zinatofautiana katika mengi lakini zinakutana mahali pamoja. Mkono unaong'oa jino usiwe ndio pekee unaolinda pumzi.

Kwetu: vyeo vingi, wataalamu wachache

Tukirudi Afrika Mashariki, picha ni nyingine. Huku kazi kubwa ya meno haifanywi na madaktari wa meno wenye shahada. Tanzania ina matabibu wa kinywa na meno, Kenya ina maofisa wa afya ya kinywa ya jamii, Uganda ina maofisa wa meno wa afya ya umma, na Rwanda nayo ina matabibu wa meno katika hospitali zake za wilaya. Hao ndio wanaowahudumia watu wa vijijini, na kuchoma ganzi na kung'oa jino ni sehemu halali ya kazi yao.

Usimamizi wao nao umegawanyika. Tanzania Bara iliwaweka madaktari, madaktari wa meno na kada shirikishi chini ya sheria moja ya mwaka 2017, inayosimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kenya ina baraza la madaktari na madaktari wa meno ambalo zamani liliitwa bodi, likabadilishwa kwa sheria ya mwaka 2019. Uganda ilitunga sheria mbili mwaka 1996, moja kwa madaktari na madaktari wa meno, nyingine kwa kada shirikishi.

Kwa upande wa usingizi, uhaba ni mkubwa. Madaktari bingwa wa usingizi ni wachache na wengi wako miji mikuu. Katika hospitali za wilaya, anayelaza wagonjwa kwa kawaida ni muuguzi, ofisa tabibu au fundi aliyesomea kazi hiyo, na mamilioni ya watu wameokolewa na mikono yao.

Lakini hata hao hukosa vifaa. Utafiti uliofanywa Uganda na kuchapishwa mwaka 2007 uliwauliza watoa usingizi kuhusu zana walizokuwa nazo. Asilimia 23 tu ndio waliokuwa na vifaa vya kumlaza mtu mzima kwa usalama. Kwa mtoto, ilikuwa asilimia 13. Hizo zilikuwa hospitali, zenye chumba cha upasuaji. Msomaji apime mwenyewe hali inavyoweza kuwa kwenye chumba cha nyuma ya stendi.

Cheti kilichovuka mpaka

Hapa ndipo suala linapowagusa moja kwa moja waliorejea.

Katika kambi za wakimbizi za Kigoma na kwingineko, wakimbizi wengi walifundishwa kazi za afya na mashirika yaliyokuwa yakihudumia kambi. Walijifunza kuchoma sindano, kufunga vidonda, kusaidia kung'oa meno. Kambi kama Mtabila ilipofungwa mwaka 2012, watu walirudi Burundi na ujuzi huo mikononi, wengine wakiwa na karatasi ya shirika iliyosema wamehudhuria mafunzo. Wanyarwanda waliorudi kutoka Uganda, Tanzania na Kongo baada ya mwaka 1994 nao walikuja na vyeti vya mifumo mbalimbali, vingine vya Kiingereza, vingine vya Kifaransa.

Ujuzi huo ni mali, na nchi zilizotoka vitani ziliuhitaji. Lakini karatasi ya mafunzo si leseni. Cheti kinaeleza ulichosoma. Leseni inaeleza unachoruhusiwa kufanya, wapi, na mpaka lini. Aliyesaidia kung'oa meno kambini chini ya usimamizi wa mtu mwingine hawezi kusema kwamba karatasi yake inamruhusu kufungua kliniki na kumchoma mtu ketamini.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifungua njia kwa kiasi fulani. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza Julai 2010, ilitaka nchi wanachama zitambuane vyeti na taaluma, na mabaraza ya madaktari na madaktari wa meno yamekuwa yakishirikiana kukagua vyuo na kutambua watu wao. Hata hivyo, kutambuliwa si kuruhusiwa moja kwa moja. Daktari wa meno kutoka Nairobi anayetaka kufanya kazi Kigali bado anatakiwa kujisajili Kigali.

Kwa kada za kati jambo ni gumu zaidi, kwa sababu majina ya vyeo hayalingani. Anayeitwa tabibu upande mmoja anaweza kuwa na elimu tofauti na anayeitwa hivyo upande wa pili. Vishoka hufaidika na mkanganyiko huo. Mtu aliyenyimwa usajili upande huu anahamia kilomita 5 ng'ambo ya mto, anabandika picha ya meno mlangoni na kuitwa "dokta".

Je, tuige wa ng'ambo?

Kuna wanaosema tuchukue sheria ya Uingereza kama ilivyo. Nia ni njema, lakini tukisema kila anayegusa sindano ya meno awe bingwa, wilaya nyingi zitabaki bila mtu wa kung'oa jino. Wagonjwa hawataacha kuumwa. Watakwenda kwa kishoka, na sheria iliyokusudiwa kuwalinda itakuwa imewasukuma kwake.

Kuna wanaosema kinyume: kwa kuwa wataalamu hawatoshi, kila mwenye uzoefu aachwe afanye anachoweza. Nao wanakosea, kwa sababu uzoefu wa kulaza watu 100 salama haumfundishi mtu namna ya kumwokoa wa 101.

Mstari unaofaa kuchorwa uko katikati, na ungeweza kuchorwa bila gharama kubwa. Ganzi ibaki mikononi mwa matabibu wa meno waliosajiliwa, pamoja na madaktari wao, kwa sharti la mizani, kipimo na dawa za dharura. Dawa yoyote ya kusinzisha, iwe ya mshipa au ya kumezwa, iwe na kibali chake cha pekee, mtu wa pili wa kuangalia na kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni. Nusukaputi ibaki hospitalini, hata kama anayeitoa ni muuguzi wa usingizi na si bingwa. Shirika la Afya Duniani na shirikisho la vyama vya wataalamu wa usingizi walisisitiza mwaka 2018 kwamba anayelaza awepo na mgonjwa muda wote, na kwamba oksijeni ipimwe muda wote. Hilo ni suala la nidhamu kuliko fedha.

Isitoshe, dawa bora ya kuepuka usingizi ni kutofikia hatua ya kung'oa. Katikati ya miaka ya 1980, hukohuko Tanzania, ilianzishwa njia ya kuziba meno bila mashine wala umeme: jino lililooza husafishwa kwa vifaa vya mkono na kuzibwa kwa saruji maalumu, mara nyingi bila sindano kabisa. Njia hiyo ilienea duniani, na mwaka 2021 saruji hiyo iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayezibwa mapema hahitaji kulazwa na mtu yeyote.

Maswali ya kuuliza kabla ya kufumba macho

Wakati mabaraza yakiendelea na kazi yao, msomaji anaweza kujilinda. Kuuliza si ujinga, na mganga wa kweli hakasiriki akiulizwa.

Uliza kwanza: ni ganzi au ni usingizi? Ukiambiwa ni ganzi, unapaswa kubaki macho mpaka mwisho. Ukiambiwa utasinzia, endelea kuuliza.

Uliza leseni iko wapi. Iwe imebandikwa, ina jina, namba na mwaka unaoendelea, na imetolewa na baraza la nchi uliyomo, si ya upande wa pili wa mpaka.

Uliza nani atakulaza na nani atang'oa. Kama ni mtu mmoja na hakuna wa pili wa kukuangalia, ondoka. Jino linauma, lakini kwa usiku mmoja zaidi haliui kama pumzi iliyokatika.

Angalia kama kuna mtungi wa oksijeni, mfuko wa kusukumia hewa na kifaa cha kidoleni. Kwa mtoto, angalia kama amepimwa uzito.

Eleza ukweli kuhusu ulichokula. Kabla ya usingizi chakula kigumu kinatakiwa kiwe kimepita angalau saa 6, maziwa ya mama saa 4, na maji saa 2. Mganga asiyeuliza jambo hilo hajui anachofanya. Eleza pia pumu, presha, ujauzito, dawa unazotumia na pombe.

Baada ya kusinzishwa, usiondoke peke yako. Kwa saa 24 usiendeshe gari wala pikipiki, usihesabu fedha za biashara wala kusaini karatasi za forodha. Kichwa kinaweza kuonekana kimetulia wakati bado hakijarudi sawasawa.

Omba karatasi iliyoandikwa jina la dawa, kiwango na saa uliyochomwa. Ukizidiwa ukiwa umeshavuka, daktari wa upande wa pili hana njia nyingine ya kujua ulichopewa. Karatasi hiyo pia ni ushahidi, kwa sababu malalamiko hupelekwa kwa baraza la nchi ulikotibiwa, si la nchi unakoishi.

Na kama uvimbe umeshuka chini ya taya, huwezi kumeza mate vizuri, au kinywa hakifunguki, usitafute kliniki ya mpakani wala mtu wa kukulaza. Hiyo ni dharura inayoweza kuziba koo. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama mzigo utabaki.

Kwa upande wa wenye mamlaka, kazi iliyopo inajulikana. Orodha za waliosajiliwa ziwekwe mahali ambapo mfanyabiashara wa Rusumo anaweza kuziona, kwa lugha anayoisoma. Kliniki za mipakani zikaguliwe na pande zote mbili kwa pamoja, kama magari ya mizigo yanavyokaguliwa. Na waliorejea na ujuzi wapewe njia ya kupimwa, kusomeshwa kinachopungua na kusajiliwa, badala ya kuachwa wachague kati ya kukaa bure na kufanya kazi kwa kujificha.

Kila gunia linalovuka mpaka lina karatasi inayoonyesha nani amelipitisha na kwa ruhusa gani. Mtoto anayelazwa kwenye kiti cha meno anastahili angalau hilo.